Yunikoni mmoja, majibu manne ya chemsha bongo

Sisi wapenzi wa chemsha bongo tumezoea maswali yapangwe kwa mafungu, haya ya viumbe wa hadithi, haya ya mwili, haya ya kazi za mikono, haya ya Ukristo. Lakini yupo mnyama mmoja ukimfuatilia anakupitisha kote huko, nae ni yunikoni, yule farasi wa hadithi mwenye pembe moja ya kujisokota kwenye paji la uso.

Tuanze na pembe maana hapo ndo pananoga. Wafalme wa Ulaya walinunua "pembe za yunikoni" kwa bei kubwa mno wakiamini zinafichua sumu kwenye kinywaji, mpaka mwaka 1638 daktari wa Denmark, Ole Worm, akaonyesha kwamba ile siyo pembe kabisa, ni jino! Ni chonge la juu la kushoto la narwali, nyangumi wa bahari ya Aktiki, linatoboa mdomo wa juu na kurefuka mpaka karibu mita 3, na wenye nalo wengi ni madume. Cha ajabu, hata baada ya hapo Denmark hiyohiyo wakatengeneza kiti cha enzi kwa meno hayo, wafalme wakatawazwa nacho kuanzia 1671 hadi 1840, na kipo mpaka leo kasri la Rosenborg, Copenhagen.

Halafu huyo Ole Worm yumo kichwani mwa watu, yaani kichwani kweli. Vile vifupa vidogo vya ziada ambavyo baadhi yetu tunavyo kwenye maungio ya fuvu vimepewa jina lake, kwa hiyo ukiulizwa mtu mzima ana mifupa mingapi jibu ni 206, ila wapo wenye zaidi.

Na lile jino halina enameli, lile gamba gumu linalofunika meno yetu, kwa hiyo maji ya bahari yanapenya kwenye vitundu vidogo kuelekea kwenye neva. Ndo kinachokupata wewe enameli ikilika ukanywa maji baridi. Utafiti wa 2014 ulionyesha chumvi ya maji ikibadilika hata mapigo ya moyo ya narwali yanabadilika, aisee.

Upande wa Ukristo, kitabu cha kale cha Kigiriki kiitwacho Physiologus kinasema yunikoni hakamatwi na mwindaji yeyote ila akimwona bikira anamwendea mwenyewe mapajani, na Wakristo wakaona humo Kristo akiingia tumboni mwa Maria.

Wafumaji nao wakamchukua. Jumba la makumbusho la Cluny, Paris, lina vitambaa 6 vya kutundika ukutani vyenye yunikoni na bibie mmoja, vya sufu na hariri, vya karibu mwaka 1500. Kwenye ufumaji huo uzi wa rangi hauvuki kitambaa kizima, unaishia pale rangi yake inapoishia na kugeuka, ndo maana kazi inaenda polepole mno. Vitano ni milango ya fahamu: kwenye kuona, yunikoni ameweka miguu ya mbele mapajani mwa bibie anajitazama kwenye kioo, kwenye kugusa bibie ameshika pembe. Cha sita kina hema lililoandikwa "Mon seul désir", hamu yangu pekee, na maana yake wataalamu wanabishana mpaka leo. Mimi nipo na wanaosema ni moyo, yaani mlango wa sita wa fahamu.