Safari ya Southampton: Nyuma ya Meli Iliyoombwa kwa Barua

Treni ya asubuhi ilitoka London Waterloo mvua ikinyesha, nami nikatoa daftari nisome tena habari za barua ambayo Profesa Charles Wyville Thomson wa Belfast alimwandikia mwanasayansi mwenzake William Carpenter mwezi Mei 1868, akiomba meli ya kuchunguza viumbe wa bahari kuu. Mimi mwenyewe nimewahi kuomba ufadhili wa kuchunguza matumbawe, nikajibiwa kwa mistari miwili, kwa hiyo nilimsoma Thomson kwa jicho la mwombaji mwenzangu.

Wakati ule wengi walishika rai ya mtaalamu wa viumbe Edward Forbes kwamba uhai baharini hukoma kwenye kina cha pima 300 hivi, yaani kama mita 550. Thomson alikuwa amekwenda Norwei kuona yungiyungi wa bahari aliyevuliwa kina kirefu kuliko hicho, na hoja yake ikasimama juu ya mnyama huyo mdogo. Hakuomba fungu la fedha. Alitaka Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, iliombe Jeshi la Wanamaji meli, basi.

Walipewa Lightning, manowari kuukuu ya mvuke yenye magurudumu ubavuni, iliyovuja na kuyumbishwa na dhoruba kaskazini ya Uskoti kwa muda wa wiki sita. Nadhani aliyeitoa hakutarajia kitu. Hata hivyo viumbe hai walipatikana chini ya pima 500, na mwaka uliofuata meli ya Porcupine, iliyokuwa bora zaidi, ikakwangua sakafu ya bahari kwenye pima 2,435. Carpenter aliporudi serikalini mwaka 1871 kuomba safari ya kuzunguka dunia, ile iliyokuja kufanywa na meli ya Challenger, ushahidi wake ulikuwa umekwisha kutiwa kwenye chupa.

Juzi yake nilikuwa nimeziona baadhi ya chupa za safari hiyo kubwa katika jumba la makumbusho ya viumbe, London. Kiumbe mmoja alikuwa amepauka kama nta, na kando yake, ndani ya spiriti, kilielea kikaratasi chenye wino uliofifia.

Southampton, katika kituo cha taifa cha utafiti wa bahari nilikoomba ruhusa mapema, imehifadhiwa sanamu iliyokuwa omoni mwa Challenger. Meli yenyewe ilivunjwa zamani. Nilisimama mbele ya shujaa yule wa mbao nikikumbuka kwamba mizinga mingi iling'olewa ili maabara zipate nafasi.

Jioni nilifika Portsmouth, ilikoanzia safari tarehe 21 Desemba 1872. Challenger ilirejea Mei 1876 bila kupita pwani yetu ya Afrika Mashariki, maana kutoka Rasi ya Tumaini Jema ilishika njia ya kusini kwenye barafu. Kuomba hakukuisha: ripoti zilijaza majuzuu 50 hadi mwaka 1895, na John Murray, aliyezihariri, alilipia sehemu ya gharama mfukoni mwake.

Nikisubiri treni ya kurudi, nilifungua ombi langu la zamani, nikafuta jedwali lote la fedha, nikaandika: mashua moja, wiki sita.