Ukiondoka, Mradi Unabaki na Nani?

Usaili wenyewe haukuwa na la ajabu. Nilipewa saa moja kueleza utafiti wangu wa uzamivu, nikaonyesha video za seli zikigawanyika, tubulini, mojawapo ya protini za seli, ikimeremeta kijani kwa sababu tuliiunganisha na GFP, protini inayong'aa kijani. Nikaulizwa nina hakika gani kwamba protini iliyobebeshwa mzigo huo bado inafanya kazi yake. Nikajibu. Nafasi ilikuwa ya utafiti baada ya uzamivu, katika maabara ambayo kila mwanafunzi wa biolojia ya seli aliitamani.

Halafu nikakabidhiwa kwa mtafiti aliyekuwa akimalizia mkataba wake, anitembeze. Kwenye chumba cha seli alikuwa na kazi: anabadilisha chakula cha seli za HeLa, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, mikono ndani ya kabati, macho kwenye pipeti.

“Daktari, umemuuliza Profesa ukiondoka mradi unabaki na nani?”

Nikamwambia bado.

“Muulize. Mshahara uko kwenye tangazo. Hilo haliko.”

Yeye alikuwa ametengeneza kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, seli ambazo maabara nzima ilizitumia. Sasa anaomba kazi ya kuanzisha maabara yake, na kila jopo linamuuliza utafiti wake utatofautianaje na wa mkuu wake. Hana jibu, kwa sababu seli zinabaki kwa mkuu, na swali la utafiti linabaki naye pia.

Nilimkumbuka Douglas Prasher. Ndiye aliyenakili jeni ya GFP, akaichapisha mwaka 1992, kisha ufadhili ukamwishia. Aliwagawia jeni hiyo Martin Chalfie na Roger Tsien, kwa hiari yake. Mwaka 2008, wawili hao na Osamu Shimomura walipopewa Nobel ya Kemia, Prasher alikuwa akiendesha gari la kusafirisha wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Hakuna aliyemwibia. Hilo ndilo linalonitisha zaidi: kila mtu alifuata utaratibu.

Jioni niliporudi ofisini nikasema, “Profesa, naomba kuuliza kuhusu mradi, siku nitakapoondoka.”

“Inategemea.”

“Inategemea nini, Profesa?”

“Tutakavyoelewana wakati huo.”

Nikaomba tuelewane sasa, hata kwa jeni moja tu. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba hajawahi kufanya hivyo na haoni haja ya kuanza.

Nafasi nilipewa, nikaikataa. Wenzangu waliniona nimerukwa na akili, maana maabara ile ilikuwa ikichapisha kwenye majarida makubwa ya sayansi, Nature na Cell. Nilikwenda kwa mkuu asiye na jina kubwa, mkataba wa mwaka mmoja unaohuishwa, hadubini ya kugombania na jirani. Lakini nilipomuuliza swali lile lile alinijibu kwa barua pepe, mistari miwili: jeni ipi na seli zipi nitaondoka nazo, zipi zitabaki. Niliichapa siku hiyo hiyo nikaihifadhi kwenye faili pamoja na mkataba, maana wakuu wa maabara nao huhama.