Oktoba tunashuka hadi pwani ya Dorset

Basi plani ishakaa, watoto wakifunga shule ile wiki ya mwisho wa Oktoba tunachukua gari, tunaanzia Cotswolds kuona vile vijiji vya mawe ya rangi ya asali halafu tunashuka Dorset, kusini mwa Uingereza. Baba watoto anataka na mji wa Bath, mi nasema tupite tu, saa za nchi nzima zikisharudishwa nyuma saa moja Jumapili ile ya mwisho ya Oktoba basi saa kumi na moja jioni giza hilo!

Pwani ndo kwenyewe. Lyme Regis wataokota visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) ufukweni, ila lazima ucheki kwanza maji yanakupwa saa ngapi na msikae chini ya majabali, yanaporomoka kweli. Durdle Door, lile tao la mwamba baharini, ni kupanda na kushuka ngazi, kigari cha mtoto tunakiacha.