Bahasha zilizozunguka mpaka laptopu ikagoma

Ijumaa iliyopita saa tisa hivi, saiba yangu hapa Bombolulu ilikufa ghafla. Si stima, stima ilikuweko, kompyuta zote sita zimewaka, ila hakuna inayoona printa, intaneti hakuna, na ile swichi ndogo ukutani, kijisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta zote, taa zake zote zinawakawaka kwa pamoja utadhani nyumba ya harusi. Nikazima ruta nikawasha, nikazima printa nikawasha, unajua tena dawa yetu sie wote ni hiyo moja. Swichi nayo nikaizima, ikatulia sekunde chache, kisha taa hizooo tena.

Mama muuza mahamri wa kona ya pili alikuwa kanitumia fomu ya shule ya mtoto kwa WhatsApp nimprintie. Akavuta kiti cha plastiki akakaa. "Nitangoja mwanangu, we fanya kazi."

Kumbe kosa ni waya. Kijana anayenisaidia alipofagia alikuta kichwa cha waya kinaning'inia, akaona kinachafua mandhari, akakichomeka kwa tundu lililo wazi. Na upande wa pili wa waya huohuo uko palepale kwa swichi! Nikauchomoa, kila kitu kikarudi.

Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu akaendelea na kazi. Mie nikashikwa na udadisi, waya wa mita moja usiokuwa na kompyuta yoyote mwishoni unauaje mtandao mzima? Nikafungua laptopu ya mpwa wangu anayesomea mambo haya, ana Packet Tracer ya Cisco humo, ile programu unachora kompyuta na swichi na nyaya halafu unatazama data inavyopita. Raha yake ni modi ya simulesheni, data inachorwa kama bahasha, unabonyeza mara moja bahasha inasogea hatua moja, unabonyeza tena inasogea nyingine.

Tukaanza na kitu rahisi, kompyuta mbili na swichi moja, 192.168.1.10 ipingi 192.168.1.11, namba hizo ni IP, yaani anwani za kompyuta mtandaoni, na kupingi ni kumbishia mwenzako hodi uone kama ataitika. Nikategemea bahasha moja, zikatokea mbili za rangi tofauti, na ile ya pingi haikuondoka, ilingoja. Iliyotangulia ni ARP. Kompyuta inajua IP ya mwenzake lakini haijui anwani ya MAC, ile ya herufi na namba 12 ya kadi yenyewe, sasa inafanya kama mtu anayesimama katikati ya soko la Kongowea akapaza sauti "Nani hapa ni 11?" Swichi ikipata mwito wa namna hiyo inautoa kwa kila tundu isipokuwa lile ulikoingilia. Wote wanasikia, anajibu mmoja, na hapohapo swichi inaandika kwa daftari lake nani yuko tundu gani. Ndo pingi ikaenda, moja kwa moja, bila kusumbua wengine.

Shikilia hapo pa "kila tundu isipokuwa lile ulikoingilia" maana ugonjwa wangu wote uko hapo.

Nikaweka swichi mbili na nyaya mbili katikati yake, ili nipate duara. Halafu programu ikanikatalia! Kama nusu dakika hivi taa zikageuka kijani, ila moja ikabaki rangi ya chungwa, imefungwa. Mpwa akacheka, "Anko, hizi swichi zina STP." Ni ufundi wa mtaalamu wa kompyuta Radia Perlman wa mwaka 1985, swichi zinasemezana zenyewe, zikigundua duara zinafunga njia moja. Yangu ya ukutani ni ya bei ya chini, hayo haina. Yaani swichi ya kuchora ina akili kuliko niliyonunua kwa pesa.

Tukaizima STP kwa amri, nikatuma mwito mmoja wa ARP. Mmoja tu wallahi. Ukafika swichi ya pili kwa waya wa juu na waya wa chini, uliokuja kwa juu ukarudishwa kwa chini, uliokuja kwa chini ukarudishwa kwa juu, na kila zikipita swichi inatoa nakala kwa kompyuta zote, bahasha zikajaa skrini kama kumbikumbi baada ya mvua, na daftari la swichi likawa kama la mlevi, sa hizi kompyuta iko tundu la 1, sa hizi iko la 2. Nilitaka kujua zinachoka saa ngapi. Hazichoki! Paketi ya IP, ile bahasha ya ndani yenye data, ina TTL, yaani hesabu ya ruta inazoruhusiwa kupita, kwa Windows inaanza 128 na kila ruta inapunguza moja mpaka inakufa, lakini fremu ya Ethernet, bahasha ya nje inayopita kwa nyaya na swichi, haina kitu kama hicho, ni matatu isiyokuwa na stegi ya mwisho. Laptopu ikaniletea ujumbe kwamba orodha ya matukio imejaa.

Nyuma yangu nikasikia kiti kikisogea. Nilikuwa nshamsahau kabisa.

"Mwanangu, hizo barua zote zinazozunguka, mojawapo ni fomu yangu?"

"Hapana mama, hizi ni za mchezo tu."

"Haya. Na yangu iko wapi?"

Ilikuwa saa kumi na robo. Nikaprinti kurasa zake mbili, pesa sikuchukua.