Vyeti vilivyobaki kwenye folda

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye kampuni ndogo ya Dar es Salaam, tukitengeneza vifaa vya kusoma mita za maji. Ndani ya kila kifaa kulikuwa na mfumo mdogo wa Linux tulioujenga kwa Buildroot, zana inayokusanya programu moja moja (pakiti) kuwa mfumo mzima wa kifaa, na mtunza pakiti nilikuwa mimi. Toleo jipya la pakiti likitoka, nabadilisha namba kwenye faili la .mk, lenye maelekezo ya kuijenga, naweka sha256 mpya (alama ya kuhakiki faili lililopakuliwa) kwenye la .hash, najenga, najaribu.

Flashi yetu, yaani hifadhi ya kifaa, ilikuwa MB 16 tu, kwa hiyo siku moja nikafungua menuconfig, menyu ya kuchagua pakiti, nianze kupunguza. Nikafika kwenye ca-certificates, pakiti ya vyeti ambavyo kifaa hutumia kuhakiki seva. Nikatafuta pakiti inayoitegemea, sikuona hata moja, nikaitoa. Kifaa cha mezani kikawaka na kutuma vipimo kama kawaida. Ukubwa wa imeji, faili la mfumo mzima linalowekwa kwenye kifaa, haukupungua hata kidogo. Niliona, lakini sikujiuliza.

Wiki iliyofuata dada mmoja aliyenitangulia kazini akajenga kutoka mwanzo kwenye kompyuta yake, na vifaa 4 vikapelekwa Morogoro. Hakikuja kipimo hata kimoja. Kwa siku tano wahudumu walizunguka juani kusoma mita kwa macho, wakiandika kwenye daftari. Hilo liliniuma kuliko lawama yoyote ya ofisini.

Tulichomeka kebo ya siriali kwenye kifaa cha tano, kilichobaki ofisini. curl, programu ya kuwasiliana na seva, ikalalamika kuwa haiwezi kuhakiki cheti cha seva. Tukaangalia /etc/ssl/certs: tupu. Kwenye kifaa changu ilikuwa imejaa.

“Mdogo wangu, tangu uitoe hiyo pakiti umefanya make clean?” akauliza yule dada.

Sikuwa nimefanya. Amri hiyo hufuta yote yaliyojengwa, na kujenga upya kulikula zaidi ya saa nzima, kazi niliyokuwa naikwepa. Kwenye Buildroot, ukiiondolea pakiti alama ya kuchaguliwa, haifuti kilichokwisha kunakiliwa kwenye output/target, folda ambayo imeji hutengenezwa kutoka kwayo. Vyeti vyangu vilikuwa masalia tu ya ujenzi wa zamani.

Nikafungua Config.in, faili la chaguo za menuconfig, ya programu yetu ya kutuma vipimo, nikaongeza mstari wa kusema kwamba programu hiyo ikichaguliwa, vyeti navyo vichaguliwe:

select BR2_PACKAGE_CA_CERTIFICATES # runtime

Neno la mwisho ni maelezo kwa binadamu: pakiti hii haihitajiki wakati wa kujenga, inahitajika programu ikiwa kazini. Mstari huo ungekuwepo, menuconfig isingekubali niitoe.

Nikaandika make clean, tukakaa kusubiri. Alfajiri tukapanda basi la Morogoro na imeji mpya.