Jinsi tulivyopunguza muda wa kubadilisha moldi kiwandani Namanve

Kiwanda ninachofanyia kazi kiko Namanve, nje kidogo ya Kampala, na kinatengeneza beseni, ndoo na vifuniko kwa mashine za injeksheni, zinazodunga plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi, yaani kalibu ya chuma inayoipa bidhaa umbo. Kutoa moldi ya beseni na kuweka ya ndoo kulikuwa kukila zaidi ya saa 3. Sasa, kwa mashine zile zile, kazi hiyo huchukua kama dakika 45. Tulichonunua ni kapulingi (viungio vya mipira ya maji), trolii na vyuma vichache vilivyochongwa Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala.

Muda tunauhesabu tangu kipande kizuri cha mwisho cha bidhaa ya zamani hadi kipande kizuri cha kwanza cha bidhaa mpya. Mafundi wengi husimamisha saa pale bolti ya mwisho inapokazwa, na hapo ndipo hesabu inapodanganya. Shigeo Shingo, Mjapani aliyeanzisha njia ya kubadilisha haraka tuliyoifuata, baada ya kuchunguza presi za kiwanda cha Mazda huko Hiroshima mwaka 1950, aligawa muda wa kubadilisha hivi: maandalizi asilimia 30, kufunga na kufungua 5, kupima na kulenga 15, majaribio na marekebisho 50. Kwa hiyo anayekimbilia kununua spana ya hewa anashughulikia zile asilimia 5.

Tulianza na simu iliyofungwa kwenye nguzo, ikirekodi kazi nzima. Kisha mafundi wenyewe waliitazama video na kuandika kila kitendo, muda wake, na jibu la swali moja: je, hili lingeweza kufanyika mashine ikiwa bado inazalisha? Meneja asiwepo kwenye kikao hicho. Akiwepo, kila mtu anatetea alichofanya.

Orodha ya yanayoweza kufanywa mapema ilikuwa ndefu kuliko tulivyotarajia. Kuitoa moldi kwenye rafu, kuisafisha na kuipaka mafuta fito zake za kusukumia bidhaa nje. Kupima njia za maji kwa shinikizo ili uvujaji ugundulike sakafuni, si baada ya moldi kufungwa. Kuleta punje za plastiki na rangi. Kuhakikisha winchi haijaazimwa upande wa pili wa kiwanda, maana winchi ilikuwa moja na kuisubiri ndiko kulikotula muda zaidi. Moldi zenye njia za moto ndani, yaani njia za plastiki zinazopashwa kwa hita, tunazipasha zikiwa bado kwenye rafu, kwa kidhibiti cha akiba. Zikipashwa juu ya mashine, mashine inakaa bure ikingoja joto.

Sasa bolti zinazoshikilia moldi kwenye mashine. Bolti ya M16 ina uzi wenye hatua ya milimita 2. Ikiingia milimita 24 ndani ya bamba la mashine, hiyo ni mizunguko 12, na unaokaza ni mmoja tu, wa mwisho. Tulichonga klempu (vyuma vya kubania moldi) zenye mwanya wa umbo la U: unalegeza bolti mzunguko mmoja au miwili, unavuta klempu, bolti inabaki mahali pake. Lakini hili linafaa tu ikiwa bamba za nyuma za moldi zote zina unene mmoja. Zetu zilitofautiana, kwa hiyo zile nyembamba ziliongezewa vipande vya chuma vilivyosawazishwa. Kisigino cha klempu, yaani ncha yake iliyo mbali na moldi, nacho kiwe juu kidogo kuliko bamba la moldi. Kikiwa chini, klempu inainama na kushika kwa ukingo tu, na moldi nzito inateleza taratibu bila mtu kuona. Usiweke vikorokoro vya mbao chini ya kisigino, hata kwa dharura.

Urefu wa jumla wa moldi nao tuliusawazisha kwa makundi. Kwenye mashine ya magoti, inayofunga moldi kwa mikono ya chuma inayokunjuka kama goti, kurekebisha umbali wa bamba huchukua dakika kadhaa kila mara, na moldi zenye urefu sawa zikifuatana kazi hiyo inatoweka kabisa.

Pete ya kulenga, inayoikalisha moldi katikati ya bamba la mashine, ikiwa ndogo kuliko tundu la bamba, chonga pete ya kuongezea na uiache kwenye moldi daima. Halafu kagua nozeli, mdomo wa mashine unaotoa plastiki: tundu lake liwe dogo kwa nusu milimita hadi milimita moja kuliko tundu la bushi, mlango wa plastiki kwenye moldi, na mviringo wa ncha yake uwe mdogo kidogo kuliko wa bushi. Ikiwa kinyume, plastiki inavuja pembeni, inaganda, na hapo unatafuta patasi badala ya kuzalisha.

Mipira ya maji tuliipa rangi: buluu inaingia, nyekundu inatoka, na kila tundu lina namba iliyogongwa kwenye chuma. Kabla ya kuifungua, puliza maji kwa hewa ya kompresa. Maji yakimwagika kwenye uso wa moldi, kutu inaanza usiku huo huo. Mafundi wawili hufanya kazi pande mbili za mashine, ila ufunguo wa paneli anao mmoja tu. Na chuma kinachoshikilia nusu mbili za moldi hakitolewi mpaka nusu zote mbili zimefungwa kwenye bamba za mashine.

Rangi hupangwa kutoka nyeupe kwenda nyeusi ndani ya wiki. Kurudi kutoka nyeusi hadi nyeupe kunaharibu kilo nyingi za plastiki ya polipropilini, na hakuna ufundi wa klempu utakaofidia hasara hiyo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, plastiki inaganda ndani ya bareli, bomba la mashine inamoyeyushwa. Ndiyo maana hita za bareli na pampu ya maji tumeziunga kwenye jenereta. Wakati wa kubadilisha tunateremsha joto hadi karibu nyuzi 180 ili plastiki isiungue, kisha tunalipandisha mapema. Skrubu, parafujo kubwa inayosukuma plastiki ndani ya bareli, isizungushwe kabla bareli yote haijapata joto. Inaweza kukatika, na mpya huja kwa meli hadi Mombasa kisha kwa lori kupitia Malaba.

Majaribio ndiyo yaliyobaki na ndiyo magumu. Kila moldi ina karatasi yake ya vipimo: joto kwa kila sehemu ya bareli, kiasi cha kudunga, shinikizo la kushikilia (linaloendelea kuisukuma plastiki moldi ikishajaa), muda wa kupoza, na uzito wa kipande kizuri. Karatasi zetu zina michoro na maneno machache ya Kiswahili na Kiganda, maana zamu moja inaweza kuwa na watu kutoka Busia, Arua na Bukavu. Fundi anaingiza namba kama zilivyo, anatupa vipande vya kwanza hadi joto litulie, halafu anapima uzito kwenye mizani. Uzito ukiwa sawa, anaangalia kingo. Ukipungua, anatazama kwanza kama plastiki inabaki mbele ya skrubu mwisho wa kudunga. Isipobaki, shinikizo la kushikilia halifiki kwenye moldi hata ukiliongeza. Haruhusiwi kugusa vipimo viwili kwa wakati mmoja.

Kipande cha mwisho cha kila uzalishaji kinafungwa kwa waya kwenye moldi inaporudishwa kwenye rafu. Karakana inakitazama na kujua mara moja kama kuna ukingo uliochakaa au fito iliyopinda, na marekebisho yanafanyika kabla moldi haijaitwa tena.