Simu haikosei, Shangazi

Maneno matatu hayo niliyasema Jumapili, na leo Ijumaa bado yananichoma. Wiki yenyewe imekuwa ya neema: mkataba wangu kazini umeongezwa miaka 2, Mkubwa kafaulu mtihani wake, Baba watoto karudi safari salama. Nimeshukuru kwa yote. Lakini nikishika sufuria kuosha, nikizima taa kulala, sauti yangu inanirudia: Simu haikosei, Shangazi.

Mnajua kwamba tangu kuku yule wa siku ya kuzaliwa ya Kitindamimba, aliyetulaza watu wanne kwa siku mbili, sichomi tena nyama kwa kubahatisha. Ndiyo sababu nikanunua kile kipimajoto kisicho na waya. Ni sindano moja tu ya chuma, fupi kuliko penseli. Unaichomeka kwenye mnofu, unafunika jiko, na joto la ndani ya nyama linakuja kwenye simu. Ncha ya nyuma inayobaki nje inasoma hewa moto inayoizunguka nyama. Kuku akifika nyuzi 74, vijidudu vilivyotulaza vimekufa. Namba hiyo nimeibandika mlangoni pa friji kwa maandishi makubwa, maana siku ile niliamini rangi, na rangi ikanidanganya. Maji ya kuku yanaweza kutoka meupe na nyama haijafika. Na mnofu wa karibu na mfupa unaweza kubaki na wekundu wakati umeiva kabisa.

Sasa Shangazi. Yeye ndiye aliyenilea, na moto nimeujulia kwake. Nilikuwa mdogo, kichwa changu hakijafika juu ya jiko, akanishika kidole cha shahada akakibonyeza kwenye kipande cha nyama. "Sikia. Bado imelala. Iache mpaka ikusukume mkono." Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu yote, na yalinitosha miaka mingi.

Jumapili amekaa kwenye kiti chake, kuku mzima yuko chini ya kifuniko, mimi nimekaa karibu naye, simu mapajani. Ilinibidi kukaa karibu, kwa sababu kifuniko cha chuma kinazuia mawimbi, na nikiingia ndani nyuma ya ukuta mawasiliano yanakatika. Akanitazama kwa muda. Kisha:

"Kwa hiyo unaiuliza simu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kidole?"

"Simu haikosei, Shangazi."

Basi. Hakujibu. Alirudisha macho kwenye moto.

Nimeipima sauti yake mara nyingi wiki hii. Haikuwa na ukali. Haikuwa na kejeli pia, Shangazi hana kejeli. Ile "na kidole?" ilikuwa ya mtu anayeuliza habari za mtu wake wa karibu: fulani hajambo, na fulani je? Na mimi nikamjibu kana kwamba kidole hicho, ambacho ni chake kabla ya kuwa changu, ndicho kilichowalaza wanangu. Ningesema "Kipo, Shangazi." Ningesema "Njoo uone." Nimetunga majibu kumi tangu siku ile, na yote yamechelewa.

Simu ikalia: 74. Nikaepua kwa furaha, nikamkatia yeye kwanza, paja, kama anavyopenda. Kwenye kiungo nyama ilikuwa na utelezi, imeung'ang'ania mfupa. Haikuiva. Shangazi hakusema neno. Alikusanya vipande, akavirudisha juu ya moto, akafunika, akaketi.

Simu kweli haikukosea. Sindano ilikuwa kidarini, na kidari kilielekea upande nilikorundika makaa. Mapaja yalitazama upande wa pili. Kipimajoto kinaeleza pale ncha yake ilipo, basi. Nilikiuliza habari za kidari nikajijibu habari za paja. Nilipochomeka sindano pajani, katikati ya mnofu mnene bila kugusa mfupa, ilisoma 61. Sitasahau namba hiyo. Mtoto wangu angekula 61 mbele yangu, na mimi nimeshika simu inayosema 74.

Nikakaa kimya naitazama ikipanda. 66. 70. Ilipofika 74 nikanyanyuka, Shangazi akanionyesha kiganja: ngoja. Baada ya muda akafungua, akabonyeza paja mara moja, akasema, "Sasa." Nikachungulia simu. 79.

Jumapili sikuielewa hiyo 79, nilikuwa nimezama kwenye aibu yangu. Imenijia Jumatano nikiwa peke yangu. Kwa usalama, 74 inatosha, pajani kama kidarini. Ila paja lina mishipa mingi na ngozi ngumu za kushikilia mnofu, na hizo zinataka joto zaidi ndipo zilegee. Kidari ukikifikisha huko kinakauka, paja linanoga. Kidole chake kilikuwa kinasubiri jambo ambalo mimi sikuwa nimeiuliza simu kabisa.

Basi Jumatano hiyo hiyo usiku, watoto wamelala, nikawasha jiko kwa ajili ya vipande viwili vya nyama ya ng'ombe. Nilifanya hivi: simu nimeifunika uso chini, nafumba macho, nabonyeza nyama kwa kidole, nataja namba kwa sauti, kisha nafunua simu. Mara ya kwanza nilisema 50, ilikuwa 41. Ya pili nilikosea kwa nyuzi 6. Ya nne nilisema 57, simu ikasema 55, na nilicheka peke yangu gizani! Kidole hakikufa, jamani. Kilikuwa kinangoja kuulizwa.

Niliepua kwenye 60, nikaiacha nyama itulie kwenye sahani na sindano ikiwa ndani. Joto likaendelea kupanda lenyewe, 62, 63, likasimama 64, maana sehemu ya nje ya nyama ina moto mwingi kuliko ya ndani na unazidi kuingia hata ukishaepua. Kipande kizima cha nyama ya ng'ombe, tofauti na kuku, kinahitaji 63 na kutulia dakika 3. Nikakibonyeza tena pale. Kilinisukuma mkono. Nilisimama na kidole changu juu ya nyama hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili kifua kikapoa.

Shangazi bado sijamweleza. Kwenye simu nashindwa, tunaishia kujuliana hali na habari za miguu yake. Atakuja keshokutwa. Nimeshaamua sindano nitampa yeye mkononi, achague mwenyewe pa kuichomeka, na mimi nitabonyeza.

Jambo jingine. Leo jioni nimemkuta Kitindamimba anasoma, kitabu kimemfika puani. Nimemwambia akisogeze mbali, akasogeza, nilipogeuka amekirudisha. Nikamwambia anisomee tarehe kwenye kalenda akiwa mlangoni. Alitazama kwa muda, akasema, "Mama, ile yenye picha?" Nimemwambia ndiyo, ile ile. Bado hajanitajia namba hata moja.